Majina Arobaini, Nyumba Tano

Mikumi,
Jumapili, 2 Machi

Mwanangu Imani,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini unakula vizuri huko bweni na kile kikohozi kimeisha. Mimi sijambo, miguu tu inavimba jioni, ni kusimama, usianze kuwaza.

Usishangae kuona barua. Simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya Jik siku ya pili ya kazi nikiwa nimeinama kupiga deki. Fundi wa hapa stendi aliifungua, akaitazama kama mtu anayetazama maiti, akaifunga. Na ninyi shuleni simu hazitakiwi, kwa hiyo tumelingana. Bonifas kondakta atakuwa anabeba barua zetu, ataziacha kwa mlinzi wa geti lenu.

Sasa kazi. Nilijua nimekuja kufua mashuka. Siku ya tatu Sista Yunis, muuguzi mkuu wa hii zahanati, akaniita pembeni. "Mama Imani, nimekuona hushtuki ukiona damu. Nataka nikujaribu chumba cha uzazi." Kazi yenyewe ni kumpa mkunga kitu anachokitaja. Yeye macho yake na mkono mmoja viko kwa mzazi, hageuki. Anataja jina, mkono wa pili unabaki nyuma umefunguka, wewe unaweka kitu. Ukiweka sicho anakitupa kwenye beseni, anataja tena kwa sauti nyingine.

Vitu ni arobaini. Majina yake sijapata kuyasikia tangu nizaliwe. Nimeandikiwa kwenye karatasi, na kusoma najua, hilo darasa langu la nne lilinipa, lakini maneno yenyewe hata nikiyasoma yananitazama tu. Ijumaa ya tarehe 28 Sista atatupima. Nikiyashika, nabaki kwa ajira. Nisipoyashika, narudi vibarua vya mpunga Tindiga, na mgongo wangu unaijua Tindiga.

Tunajifunza wawili. Mwenzangu ni binti wa Rudewa, anaitwa Upendo, miaka ishirini na miwili. Karatasi aliisoma mara mbili, jioni akaitaja yote huku anajisuka. Mimi jioni hiyo nilikuwa na jina moja, na hilo moja ni mkasi. Ni msichana mzuri, ni kama dada yako.

Niombee. Usilale na nywele mbichi.

Mama yako,
Hildegarda


Kilosa,
Alhamisi, 6 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi sana kupata barua, mpaka wenzangu bwenini waliigombania waione.

Mama, arobaini si mengi. Juzi mwalimu wa kemia alituonyesha vifaa kumi na vitano vya maabara na leo navijua vyote. Fanya hivi. Chukua majina matano kwa siku. Kila moja litaje mara ishirini bila kuangalia karatasi. Siku nane umemaliza, na unabaki na siku za kurudia. Basi. Usilicheke jina, usiulize kwa nini linaitwa hivyo. Ninakujua, wewe jina geni likija unaanza kulidadisi kama mgeni wa msibani, ndiyo maana halikai.

Nina hakika utaweza. Ukishindwa itakuwa hukufuata tu.

Mwanao,
Imani


Mikumi,
Jumanne, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefuata. Nimetaja galipoti, kile kibakuli cha dawa, mara ishirini nikipiga deki, mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama nasali rozari. Asubuhi nikaamka, galipoti haipo. Nikatafuta kichwa kizima.

Imani, wewe kichwa chako ni kama nyumba mpya haijahamiwa, kitu chochote ukiingiza kinapata pa kukaa. Changu kimejaa watu. Nawajua watoto wote wa mtaa wetu na nani alizaliwa mwaka wa njaa, nani hali kambale, mbegu zote za mpunga, nyimbo za kwaya za miaka thelathini. Jina geni likipiga hodi linakuta hakuna kiti. Linasimama mlangoni kidogo, linaondoka.

Ijumaa Sista aliita "penguini" nikampa mkasi. Akautupa. Akasema bila kugeuka, "Mama Imani, mtoto hatakusubiri ukumbuke." Upendo ndiye aliyeitoa akamwekea mkononi. Ni kidude cha mpira, cha kumvuta mtoto makamasi. Nilitoka nje nikalia kidogo, sikufichi.

Upendo akanifuata. Akanionyesha kwenye simu yake kwamba penguini ni ndege wa nchi za barafu. Anatembea wima, tumbo mbele, hawezi kuruka. Nikamwambia, huyu si bata wa jirani yetu Abeli? Tukacheka. Lakini sikiliza: tangu saa ile jina hilo halijanitoka. Likiitwa tu, naenda kwa Abeli, kwenye kibanda cha bata, nalikuta limekaa.

Ndipo nikapata akili. Kama kichwani hakuna kiti, basi jina likapange kwa mtu mwenye nyumba. Nikaanza mwanzo wa mtaa wetu huko Kilosa, pale Magomeni, upande wa mtoni, nyumba zile tano. Kwa mzee Lupakisyo fundi vyuma nimepeleka vyote vya kubana, forsepu na ndugu zake, vinaning'inia na koleo zake. Kwa Herman muuza chai ni vikombe na galipoti, karibu na birika. Kidni dishi, kile kibeseni kilichopinda, Upendo ananiambia kidni maana yake figo, basi nikaipeleka kwa Marselina aliyeugua figo mwaka ule, iko juu ya kabati lake. Kwa Abeli vya mpira vyote.

Na nyumba ya mwisho ni kwetu. Huko nimeweka vichache, vile ambavyo kosa lake ni kifo. Kuna mfuko wa kumpulizia pumzi mtoto asiyelia, unaitwa ambu. Nimeutundika nyuma ya mlango, kwenye msumari wa koti la marehemu baba yako. Unakumbuka alivyokuwa akiitafuta pumzi miezi ile ya mwisho. Hapo siwezi kupotea hata nikiwa na homa.

Sasa nimefika ishirini na sita. Nakuomba jambo. Jumamosi mkiruhusiwa kutoka, pita mtaani uniangalizie. Mlango wa Marselina bado wa kijani? Birika la Herman liko kulia kwa dirisha au amelihamisha? Bata wa Abeli wamebaki wangapi? Niandikie vilivyo, maana kitu kikihama huko, huku mkono wangu utakwenda pasipo.

Mama yako anayekupenda,
Hildegarda


Kilosa,
Jumapili, 16 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Jana nilipita. Mlango wa Marselina ni wa kijani. Birika la Herman liko kulia. Bata wa Abeli ni saba. Mzee Lupakisyo anakusalimu.

Endelea hivyo hivyo. Usibadilishe kitu. Njia yako ni nzuri kuliko yangu.

Masomo mengi, nitaandika tena.

Imani


Kilosa,
Jumapili, 16 Machi

Dada Upendo,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Imani, mtoto wa Hildegarda unayefanya naye kazi. Mama anakusifu sana katika barua zake, ndiyo maana nimethubutu. Nimempa Bonifas barua hii akupe wewe mkononi, mama asiione.

Mto ulikuja Alhamisi. Mvua ilinyesha milimani, huku kwetu jua linawaka, maji yakafika saa nne asubuhi. Hakuna aliyekufa. Lakini zile nyumba tano za upande wa mtoni zimekwenda, kuanzia kwa mzee Lupakisyo mpaka kwetu. Jana nilifika nikakuta tope, na kizingiti chetu cha saruji peke yake, kama mtu amekiweka pale kwa utani. Marselina na wengine wako ukumbi wa kanisa. Nilitafuta koti la baba kwenye tope mpaka muda wa kurudi shule. Sikulipata.

Mama ameweka yale majina kwenye nyumba hizo. Nadhani amekuambia. Ameniuliza zikoje nami nimemdanganya mpaka idadi ya bata. Dada, akijua nyumba zimeanguka, majina nayo yataanguka. Nakuomba umlinde asisikie mpaka tarehe 28 ipite. Bonifas nimemsihi, ila mdomo wake haufungi vizuri. Baada ya mtihani nitamwambia mwenyewe.

Nakutegemea.

Imani Melkizedek


Mikumi,
Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu Imani,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa imenizeesha.

Pole sana kwa nyumba. Barua yako nimeisoma chooni, nikaikunja, iko ndani ya kiatu changu hata sasa ninapoandika. Kuna jambo inaonekana mama hakukuambia. Tulichukuliwa wawili, anabaki mmoja. Sista alisema hivyo siku ya kwanza, tukiwa wote tumesimama mbele yake. Kwa hiyo umemwandikia mtu ambaye mama yako akisahau, yeye anapata kazi.

Sikuambii ili kukutisha. Nakuambia kwa sababu nikinyamaza nitakuwa mbaya zaidi. Mimi nina mtoto wa miaka mitatu kwa bibi yake Rudewa. Kazi hii naitaka kama anavyoitaka mama yako.

Mimi majina yaliniingia siku moja. Mama yako ananicheka, ananiita kaseti. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kumshika mzazi mgongo, na usiku nikilia kwa ajili ya mtoto wangu ananiuliza amefanana na nani. Jana Bonifas aliingia hapa na kuanza, "Mama Imani, pole na—" nikamwaga chai yangu mezani makusudi, nikamtuma tambara. Akakumbuka, akanyamaza.

Hiyo nilifanya jana. Kesho sijui. Ningependa kukuahidi, lakini usinitegemee kama mtu asiye na shida zake.

Upendo


Kilosa,
Jumapili, 23 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujasoma.

Nilikudanganya. Mlango wa Marselina haupo wa kijani wala wa rangi nyingine. Mto ulizibeba nyumba zote tano tarehe 13, na yetu imo. Watu wote ni wazima. Koti la baba nimelitafuta, nimekwenda tena jana, sijaliona. Nisamehe. Uliandika kwamba kitu kikihama mkono wako utakwenda pasipo, nikaogopa.

Nilipanga kukuambia baada ya mtihani. Sasa naogopa zaidi usije kuambiwa na mtu mwingine, siku mbaya, kwa namna mbaya. Na wewe mama hukuniambia kwamba anabaki mmoja. Tumefichana wote wawili.

Wahamishe, mama. Wapeleke hao wapangaji wako kanisani, au kwa mama mdogo, popote penye ukuta. Bado una siku.

Imani


Mikumi,
Ijumaa, 28 Machi

Mwanangu Imani,

Barua yako ilichelewa, basi lilikwama Jumatatu na Jumanne kwa matope. Nimeipata jana Alhamisi asubuhi. Nimeisoma nimesimama pale stendi, neno kwa neno, nikaitia mfukoni mwa aproni, nikaingia kazini. Sikumwambia mtu.

Nikuambie ukweli, nilikuwa najua kuna jambo. Uliniandikia mlango, birika na bata, nyumba yetu hukuitaja hata kwa neno moja. Mtoto gani anafika mtaani asiseme kama mama yake ameibiwa sufuria? Nilidhani amekufa mtu. Nikajiambia sitauliza mpaka Ijumaa. Kwa hiyo mwongo si wewe peke yako.

Saa nne akaletwa mzazi, mimba ya kwanza, binti mdogo tu, amechoka. Tulikuwa Sista Yunis, mimi na Upendo. Sista alipokuwa anaita nilitembea mtaani kama kawaida. Forsepu, nikafika kwa mzee Lupakisyo. Nikajua hapo pana tope. Lakini mwanangu, koleo zilikuwa zinaning'inia. Nikatoa, nikampa. Kidni dishi, mlango wa Marselina ulikuwa wa kijani. Nilikuwa natembea kwenye mtaa ninaoujua kwamba haupo, na kila mtu yuko mlangoni kwake.

Mtoto akatoka, wa kiume. Hakulia. Alikuwa na rangi ya zambarau. Sista akasema, "Penguini," nikatoa kwa Abeli. Akamvuta makamasi, akamsugua mgongo. Kimya. Yule binti kitandani akauliza, "Mbona halii?"

"Ambu."

Upendo alikuwa karibu na kabati kuliko mimi. Hatua moja. Nikamtazama ili aitoe. Hakusogea. Alikuwa ananitazama mimi, amenikodolea macho, mikono chini.

"Ambu," Sista akasema tena, kwa ile sauti nyingine.

Basi nikaenda kwetu, Imani. Nilifika kizingitini. Nilijua, barua yako ilikuwa inanichoma pajani. Nikasukuma mlango, nikaupitisha mkono nyuma yake kama ninavyofanya siku zote nikitafuta kiberiti. Koti lipo. Nililigusa. Nikatoa ambu chini yake, nikaiweka kwenye mkono wa Sista.

Akapuliza. Sijui mara ngapi. Kisha kile kitoto kikakunja uso kama mzee aliyeamshwa, kikalia. Na mama yake akalia, na mimi nikaenda kushika sinki.

Leo Sista alitupima kama alivyosema. Upendo alitoa vyote arobaini hata kabla Sista hajamaliza kutamka. Mimi thelathini na saba, na polepole. Halafu Sista akasema, "Karatasi nimeiona. Lakini jana nimeona pia. Mama Imani unabaki. Upendo, chumba hiki hakiwezi kuwa na mtu anayesimama." Upendo akaitikia, "Sawa Sista," akaenda kukunja vitu vyake.

Nikamfuata. Nikamwambia, wewe unaijua ambu kuliko unavyolijua jina la mwanao, jana ulipatwa na nini? Akavua kiatu. Akanipa barua yako, imelowa jasho, imechakaa. Akasema, "Mama, nilijua nyumba yako haipo. Sista alipoita ambu nikasema moyoni, sasa Mama Imani atakwenda wapi? Nikabaki nakuangalia. Nilisahau kwamba mimi pia nina mikono."

Wiki nzima ile alikuwa ananifichia, Imani. Angeniambia siku yoyote, ningeanguka, yeye angebaki. Ulimbebesha mtoto wa watu mzigo wetu, na mimi nilikubebesha wewe.

Nimerudi kwa Sista, nimemwambia yote. Nyumba, mto, barua, kiatu. Nimemwambia kama ni kwa haki, huyu binti asifukuzwe kwa sababu ya siri yangu. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema atajibu Jumatatu, na kwamba sitapenda kila atakachosema.

Kwa hiyo sijui. Huenda nimeongea mpaka nikajifukuza mwenyewe, kurudi mahali pasipo na nyumba. Usilie. Kula.

Mama yako


Mikumi,
Jumatatu, 31 Machi

Mwanangu,

Ni haraka, Bonifas amewasha gari na anapiga honi.

Sista ametuita wote wawili. Upendo ameambiwa, "Ukisimama tena, kwa sababu yoyote, hata kama baba yako amekufa, unaondoka." Mimi ameniambia nikimficha tena jambo linaloweza kuutetemesha mkono wangu ndani ya chumba kile, naondoka pia. Kisha ametupa mwezi mwingine, sote, na mwisho wa mwezi ataamua kama abaki mmoja au wawili. Na ametupa karatasi mpya. Majina sitini.

Upendo ameshayataja robo tatu, yupo hapa anajidai. Nimemwambia akae kimya.

Marselina mwambie nakuja kumwona Jumapili ya pili, na mzee Lupakisyo mpe pole, mwambie mzigo wangu uko salama kwake. Wale arobaini siwahamishi. Wamezoea. Ambu inabaki palepale kwetu.

Ila sitini, nyumba tano hazitawatosha. Nahitaji mahali pengine penye watu, na hapa Mikumi sijawajua vizuri. Niandikie bweni lenu. Anza mlangoni, kitanda kwa kitanda, nani analala wapi, nani anakoroma, nani anaficha karanga chini ya godoro. Andika vilivyo. Safari hii usinidanganye hata rangi ya shuka.

Mama yako,
Hildegarda